Stesheni Masta wa Mji Usio na Treni

Mji wetu wa Musoma haujawahi kufikiwa na treni, lakini stesheni masta tulikuwa naye. Cheo chake halisi kilikuwa kirefu, kimeandikwa kwa Kiingereza kwenye mlango wa ofisi yake pale bandarini, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyewahi kukitamka. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi za meli ya Mwanza, na kwa waliokuwa wanaendelea mbele, tiketi za treni pia: Shinyanga, Tabora, Kigoma, Dodoma, hadi Dar es Salaam. Ulilipa Musoma, ukapanda meli, ukashuka Mwanza, ukatembea kidogo na mzigo wako, ukaingia kwenye behewa. Anayeuza safari za treni utamwita nani? Mji ukamwita Stesheni Masta, naye aliitika.

Alikuwa jirani yetu. Nyumba yao na yetu ziligawana ukuta, kwa hiyo nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura: kikohozi cha asubuhi, pasi ya mkaa ikigongwa mezani, kisha viatu vikivuka uani. Kaptula yake ya kaki ilikuwa na mkunjo wa kukata mkate. Soksi zilifika chini ya goti, nyeupe, na mkewe, ambaye sisi majirani tulimwita Mama Mkubwa, alikuwa akisema kwamba angeolewa na daktari asingefua vitu vyeupe vingi namna ile.

Reli yenyewe ilikuwepo. Ilitoka majini, ikapita kando ya ghala, ikaishia kwenye majani, bila kuungana na reli nyingine yoyote ya nchi kavu. Ilikuwa ya mabehewa yaliyoletwa na feri. Feri hiyo ilikuwa na reli sakafuni mwake. Ilikuja kinyumenyume mpaka kwenye daraja la chuma, daraja likashushwa taratibu hadi reli za chombo zikakutana na za nchi kavu, kisha trekta likayavuta mabehewa nje. Mbolea na saruji vilikuja hivyo. Pamba ya Bunda iliondoka hivyo, ikavuka ziwa ikiwa ndani ya behewa lake, na huko ng'ambo ikaunganishwa na treni bila marobota kuguswa tena. Siku ya feri watu walikuja kutoka hata Nyamuswa na Buhemba kuona treni ikishuka kwenye meli. Wengine walirudi makwao wakilalamika kwamba treni yenyewe haina kichwa.

Mgeni mmoja, nadhani mtu wa Dodoma, alisimama pale kwenye majani akauliza kama reli hii inaishia hapa. Nilikuwa nimemletea Stesheni Masta chakula kilichotumwa na mkewe, kwa hiyo jibu nililisikia mwenyewe. Aliangalia ziwa kwanza.

"Haijaisha," akasema. "Imezama tu. Inaibukia Mwanza."

Hakucheka. Alikuwa na mizaha mingi ambayo hakuicheka, na hiyo iliwafanya watu washindwe kujua lini anatania. Kati ya reli zile, pale feri ilipokawia kuja, alikuwa anaotesha mchicha. Udongo wa pale ulikuwa mzuri, sijui kwa sababu ya mbolea iliyomwagika. Feri ikitangazwa, aliung'oa wote kwa mikono yake, akaugawa kwa wachukuzi na majirani, na jioni hiyo mtaa mzima tulikula mchicha wa reli na dagaa. Mama yangu alisema ulikuwa mtamu kuliko wa sokoni. Mama Mkubwa hakukubali. Alidai una ladha ya grisi.

Katika suala la muda hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Meli ilikuwa na saa yake ya kuondoka, na saa hiyo ikifika, yeye ndiye aliyeamuru ngazi iondolewe. Hapo ndipo alipokuwa akisema msemo ambao mji mzima uliushika: "Meli haina shemeji." Mfanyabiashara mmoja wa pamba wa Bunda, mtu mwenye tumbo na sauti, aliwahi kufika ngazi ikiwa imeshavutwa. Alianza kwa kuamuru, akaja kwenye kubembeleza, mwisho akakaa juu ya sanduku lake akisimulia watu waliosimama karibu jinsi anavyofahamiana na wakubwa. Stesheni Masta alimletea kiti, kwa sababu sanduku lile halikuwa imara, akampa maji ya kunywa, na meli ikaenda zake.

Msemo huo ulipata mtihani wake. Mdogo wake Mama Mkubwa, aliyekuwa akilima Nyamuswa, alikuwa anakwenda Shinyanga kwenye posa. Alilala nyumbani kwa dada yake, asubuhi akapita Mwigobero kununua samaki wa kupeleka ukweni, akakutana na watu, wakaongea. Alipofika bandarini akikimbia na kifurushi cha sato kichwani, maji yalikuwa yameshaingia kati ya meli na gati. Aliita, "Shemeji!" Abiria wote waliokuwa kwenye ukingo wa meli walicheka, kwa sababu msemo ule waliujua. Stesheni Masta alimpokea ule mzigo wa samaki akarudi naye nyumbani, na yule bwana akakaa pale mpaka meli iliyofuata, akila, akilala, akisimulia kila aliyekuja kusalimia. Mama Mkubwa alimnyamazia mumewe siku zote hizo. Ujumbe wote kati yao ulipitia ukutani kwetu: "Jirani, mwambie huyo bwana chakula kipo mezani."

Posa haikuharibika, wala. Walioana, na shemeji huyo mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii kwenye harusi yake.

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mtu mkavu. Lakini nenda bandarini kabla ya meli kuondoka, umwone akiwapitia abiria kwenye mabenchi. Alikuwa anatafuta nani aende na nani. Mwanamke mwenye mtoto mchanga alimweka karibu na mama mtu mzima anayekwenda njia moja. Kijana anayeanza kazi Kigoma alimkabidhi kwa mwalimu anayerudi Kigoma kutoka likizo. Aliwataja kwa safari zao: "Wewe ni wa Tabora, na huyu ni wa Tabora. Salimianeni." Alisimama mpaka wasalimiane. Alikuwa anaamini kwamba mtu hapotei njia, anapotea kwa kukosa wa kumuuliza. Kuna urafiki hapa mjini ulioanzia kwenye benchi lile, na kuna ndoa mbili ninazozijua, moja nzuri.

Na huyu mtu, muuza tiketi za meli, alikuwa anaogopa maji.

Sisemi kwamba hakupenda maji. Aliyaogopa. Alitoka kwenye kijiji cha wavuvi, kwenye rasi, mahali ambapo mtoto anajua kasia kabla ya jembe, na hakuna aliyejua kilichomtia hofu hiyo. Mama yangu alikuwa na maelezo yake na wachukuzi walikuwa na ya kwao. Mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Samaki wenyewe wanatolewaga majini kwa nguvu. Mimi nitoke nchi kavu kwa hiari yangu?" Akiitwa Mwanza kikazi, alikwenda kwa basi. Aliondoka na chakula kwenye kitambaa, akapita Bunda, akafika Mwanza amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, akaenda kusimama gatini kuipokea meli iliyotoka kwake, huku akiwasalimia abiria ambao aliwakatia tiketi mwenyewe. Kibaya zaidi ni kwamba mabasi aliyasema vibaya hadharani. Aliyaita makopo. Wakala wa mabasi pale stendi ya Bunda, alikobadilishia basi, alimjua vizuri, akamwekea kiti cha mbele kila safari, na Stesheni Masta alikaa kwenye kiti hicho akilalamika mpaka Mwanza.

Sasa nieleze lililonipata mimi.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya serikali Tabora, nyumbani tulifurahi kwa siku chache kisha tukaanza kuogopa. Barua ya kuitwa shule ilisema wazi kwamba atakayechelewa kuripoti, nafasi yake itapewa mwingine. Baba alikuwa mgonjwa wa mgongo na hakuweza kunisindikiza. Sikuwahi kuvuka Bunda. Siku ya safari Stesheni Masta alinipitisha kwenye mabenchi kama abiria wengine, akanikabidhi kwa mama mmoja wa Butiama aliyekuwa anakwenda Tabora kumuuguza mumewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kapu na kuku mmoja ndani yake. Tukasalimiana. Stesheni Masta akaendelea na wengine.

Kisha upepo ukakataa. Ziwa lilichafuka alfajiri ile, mawimbi yakawa yanapanda gatini, na nahodha akasema hatoki mpaka litulie. Tulikaa. Yule mama alitoa viazi vitamu kwenye kapu tukala. Nilikuwa naangalia mlango wa ofisi, na kila mara nilimwona Stesheni Masta amesimama pale anaangalia maji, yale maji anayoyaogopa, kama mtu anayemngoja mlevi alale. Meli ilipoondoka jua lilikuwa limeshapanda sana, na kila aliyewahi kusafiri alijua hesabu yake: treni ya jioni tungeikuta imekwenda, na nyingine ingekuja baada ya siku kadhaa. Nililia kimya mpaka ng'ambo ya visiwa. Mama wa Butiama hakunibembeleza. Alinipa kuku nimshike, na mtu aliyeshika kuku hawezi kulia vizuri.

Tulifika Mwanza giza likianza kuingia. Watu wengine walitembea polepole kwa sababu walishakata tamaa. Yule mama alinivuta mkono tukakimbia, kapu huku, sanduku langu huku, na tulipotokea stesheni treni ilikuwa imesimama palepale, imewashwa taa. Kwenye jukwaa alisimama msimamizi wa stesheni ya Mwanza, amevaa kofia, na nyuma yake wafanyakazi wawili watatu wamejipanga, mashati yamefungwa vifungo mpaka juu. Walikuwa wanaangalia nyuma yetu, kumtafuta mtu.

"Mgeni wa serikali kutoka Musoma yuko wapi?" akauliza yule msimamizi.

Mimi sikuelewa kitu. Mama wa Butiama naye hakuelewa, alinihakikishia hilo baadaye, lakini alikuwa mtu mwepesi. Alirekebisha khanga yake mabegani, akamsogelea, akampa mkono.

"Asanteni sana kwa kutusubiri," akasema. "Huyu binti amechoka, naomba apite."

Tukapita. Abiria wengine wa Musoma wakaja nyuma yetu wakikimbia, wakapita nao. Treni ilipoanza kuondoka nilichungulia dirishani, na yule msimamizi bado alikuwa anaangalia upande wa bandarini, akimngoja mgeni wake.

Niliripoti shuleni ndani ya muda. Mume wa yule mama alipona, na kwa miaka yote niliyokuwa Tabora kwao ndiko nilikokwenda Jumapili kula ugali wa muhogo.

Ukweli wa jambo hilo nilikuja kuupata likizo, kwa Mama Mkubwa, tukiwa tunachambua mboga. Siku ile alikuwa amempelekea mumewe chai ofisini akamkuta kwenye simu, amesimama wima kama yuko mbele ya bendera, anawaambia watu wa Mwanza kwamba ndani ya meli kuna mgeni wa serikali na treni isithubutu kuondoka. Alipoiweka simu alirudi mlangoni kuangalia maji. Hakunywa chai. Wiki zilizofuata aliitwa Mwanza kujieleza, akaenda, kwa basi kama kawaida, na alirudi na onyo. Kulikuwa na nafasi ya kupandishwa iliyokuwa inamsubiri, ya kuhamia mji mkubwa wenye treni kabisa, yenye kichwa. Hiyo akapewa mtu mwingine. Mama Mkubwa aliniambia hayo bila kinyongo, ila aliongeza kwamba vyombo alikuwa ameshaanza kuvifunga.

Sikuweza kukaa nalo. Nilimfuata uani alipokuwa anapaka viatu rangi, nikamwambia nimesikia, na kwamba naona vibaya amesema uongo na kukosa cheo kwa ajili yangu. Aliendelea kupiga brashi.

"Uongo upi?" akauliza. "Nilisema kuna mgeni wa serikali. Mwanafunzi anayekwenda shule ya serikali, kwa barua ya serikali, ni mgeni wa nani?"

Akageuza kiatu.

"Na meli ndiyo haina shemeji," akasema. "Treni sikuwahi kuisema."

Hiyo ndiyo mara pekee tulipozungumza habari ile. Nilipojaribu tena miaka mingine alibadilisha mazungumzo, akauliza bei ya sukari Tabora. Nadhani hakupenda kushukuriwa. Alikuwa anaona haya. Hata zawadi hakuzipokea vizuri. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, nilipopangiwa Bunda, nilimnunulia soksi nyeupe, jozi kadhaa. Alizichunguza muda mrefu, akasema lastiki ni nzuri, akazivaa mpaka zikatoboka, na asante sikuisikia.

Mambo ya bandari yalipungua kidogo kidogo, hakuna siku moja ya kuitaja. Barabara ya Mwanza ilitiwa lami, mabasi yakawa mengi na ya haraka, na mtu aliyekuwa anakwenda Tabora akaona hakuna haja ya kusubiri meli. Feri ya mabehewa ikaanza kukawia, kisha ikawa inakuja kama mgeni wa sikukuu, kisha watoto wakazaliwa na kukua bila kuiona. Pamba ikapanda malori. Mchicha wa reli ukawa unakomaa hadi kutoa mbegu. Mimi nilikuwa na uchungu kuliko yeye. Nilipokuja likizo kutoka Bunda nilimkuta ofisini, kaptula ina mkunjo wake, mabenchi matupu, anasoma gazeti kwa sauti kama alivyozoea. Nikamuuliza haoni huzuni. Akashusha gazeti.

"Watu wanafika?" akauliza.

Nikamwambia wanafika, kwa mabasi.

"Basi, wakifika imetosha," akasema, na akaendelea kusoma habari za mpira.

Alipostaafu, alinunua shamba Butiama, mbali na ziwa kadiri alivyomudu, kasema Mama Mkubwa, ambaye alikuwa na hamu ya kuhamisha vyombo tangu zamani zile. Nyumba ya Musoma wakaiuza. Kwa muda nilipata salamu zao kupitia watu, kisha na mimi nikastaafu, mwili ukawa mzito, na miaka ikapita bila kwenda, ingawa kutoka Bunda siyo mbali.

Mwaka juzi nikaamua. Nilivaa gauni langu zuri la kitenge, nikanunua sukari na mkate, nikapanda basi mpaka Makutano, na bodaboda ikanipeleka hadi kwenye boma lao. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka safari hii anisimulie kila kitu, tangu alivyoanza kazi, mabehewa ya zamani, watu aliowaona wakipita pale. Nilijiambia kwamba mtu wa umri wake ni wa kumwahi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti kwenye majani, suruali imejaa tope, mbele yake ng'ombe amelala ubavu anasukuma. Kwato mbili ndogo zilikuwa zimeshatoka. Mama Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata. Nikasema shikamoo. Stesheni Masta alinitazama mara moja, akanijua palepale, na hakuonyesha mshangao wowote.

"Marahaba. Umekuja saa nzuri," akasema. "Shika hapa kwenye miguu. Akisukuma, vuta. Akipumzika, pumzika."

Nikaweka mkate chini, nikashika. Mimi mwalimu mstaafu, na gauni langu. Tulivuta na kupumzika, kuvuta na kupumzika, mkono wake mwembamba kando ya wangu, na Mama Mkubwa akituambia tunakosea. Pua ikatoka, kisha kichwa, kisha mwili wote ukateleza kwa mara moja nikaanguka kwa matako, ndama mapajani. Alikuwa mwekundu, ameloa, na kwa kitambo hakupumua. Stesheni Masta alimsafisha pua kwa vidole, akamsugua mbavu kwa majani makavu kwa nguvu ambayo sikudhani anayo. Ndama akapiga chafya. Mzee yule alicheka. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia akicheka namna ile, kwa sauti, mdomo wazi, meno yaliyobaki yote nje.

"Jike," akamwambia mkewe.

"Nilisema," akajibu Mama Mkubwa.

Tulikaa hapohapo kwenye majani, hatukuwa na nguvu ya kuinuka, tukimwangalia mama yake akimlamba. Nikayakumbuka maswali yangu. Nikaanza lile la kwanza, kuhusu bandari, naye akaitikia kwa kichwa akisikiliza, halafu akaniuliza kama naona vile ndama anavyotafuta miguu. Nikatazama. Alikuwa anatafuta kweli, anainuka nyuma, anaanguka mbele, anainuka tena. Sikuuliza la pili.

Jioni nilipokuwa nanawa mikono kujiandaa kuondoka, nikiwa nimevaa khanga ya Mama Mkubwa maana gauni lilikuwa halifai, alikuja akasimama karibu nami.

"Yule mtamba ni wako," akasema.

Nilimwambia hapana, mzee, ni zawadi kubwa mno, na huko Bunda naishi nyumba ya mtaani, sina hata pa kumfunga.

"Nani kasema umchukue? Atakaa hapahapa, mimi nitamlisha. Lakini ni wako." Alipangusa mikono kwenye suruali, akawa anaangalia upande wa zizi. "Kwa hiyo itabidi uwe unakujaga kumwona."

Nikaitika. Nilitaka kusema zaidi, lakini yeye hakupenda kushukuriwa, nami niliona haya, nikamuuliza bei ya sukari Butiama.

Tangu hapo nakwenda kila mwezi, mvua ikikubali. Mtamba amekuwa mkubwa, ana pembe zinazopinda vizuri na tabia mbaya ya kula nguo kwenye kamba. Sijui kama ananitambua. Lakini kila ninapofika, kabla sijamaliza kulipa bodaboda, Stesheni Masta anakuwa ameshatoka mlangoni na fimbo yake, ananiambia kwamba ng'ombe wangu amekuwa akiniulizia tangu jana.